Safu ya Juu

Mama hutoa jibini kwenye friji saa nzima kabla.
"Jibini la baridi," anasema, "ni mgeni aliyekaa na koti sebuleni:
yupo, lakini hajafika."

Novemba, Cambados. Mvua imekalia paa
kama mdai asiye na haraka.
Ninafuta ubao ambao baba aliuchonga kutoka kifuniko cha pipa;
ukilowa bado unanuka mvinyo.

Kwanza, la titi. Ndivyo linavyoitwa, tusione haya:
mviringo, laini, lina chuchu juu,
na padri mwenyewe huanza kulikata kileleni.
Kisha lile la moshi, ngozi yake rangi ya viatu vya shule.
La mbuzi, linalomeguka kama chokaa.
La nne ni la bluu. Limenuka hadi kwenye ngazi.

"Hilo usiweke," namwambia. "Litaua mvinyo.
Bluu hutaka mvinyo mtamu, si huu wetu wa ndimu."
"Baba yako alilipenda,"
na analiweka pembeni, upande wa kiti tusichokiondoa.

Wageni ni wawili: ami Eladio na mkewe Maruxa.
Mavuno kumi na moja hawajavuka kizingiti hiki
kwa ajili ya safu moja ya mizabibu,
ile ya juu, kwenye ukuta wa mawe,
ambayo babu aliwaachia wanawe wawili kwa mdomo,
na mdomo wa marehemu haugongwi muhuri.
Siku ya mazishi Eladio alisimama nje ya lango,
kofia mkononi, ikijaa mvua.

Saa mbili. Viatu vinafutwa kuliko tope lililopo.
Mama anamimina. Chupa haina nembo, ina namba tu ya chaki.
Eladio ananusa. Anaonja. Anaitua glasi.
Macho yake yanakwenda dirishani, kule juu,
ingawa nje ni giza.

Mama anamsukumia kipande cha la titi.
"Kula nalo. Peke yake mvinyo huu ni mkali.
Mafuta huutuliza, nao huyakata mafuta.
Kimoja hukizuia kingine kisijisikie."

Anatafuna polepole,
kama mtu anayesoma barua ya wakili.

"Chumvi," anasema mwishowe.
"Upepo wa ghuba unaipiga sana safu ile."
"Ndiyo."
"Mwaka gani huu?"
"Aliokufa. Tulivuna mimi na Sabela. Ndoo tisa."

Maruxa, aliyenyamaza kama kijiko,
anauliza kama kuna mkate zaidi.
Upo. Unaletwa.

Ndipo Eladio ananyosha kisu hadi pembeni,
anakata la bluu, pande zima, bila mkate,
na kulisindikiza kwa funda la mvinyo.
Uso unamkunjika. Nilisema.
"Baya mno," anasema, machozi yakimlenga,
"alikuwa akinilazimisha hivi kila Krismasi."
Mama anacheka mpaka anashika meza.

Mlangoni, mkono mmoja ndani ya koti:
"Mtapogoa lini?"
"Januari, mvua ikikatika."
"Makasi yenu ni butu. Nimeyaona."

Ameyaonea wapi, hakusema,
na mama hakuuliza. Alikuwa jikoni tayari,
akifunga jibini lililobaki kwenye karatasi,
mafungu mawili.