Kazi Yangu Mizani

Shanta hili nililikuta kwenye rundo la mitumba, Makambako,
na ndani ya kifuniko, kwa wino usiofutika:
Rodrigo. Recife.
Mfuko wa chini ulikuwa na vumbi la kumetameta,
lile wanalojipaka watu usoni siku za kanivali.
Nimelifua mara tatu, kwa sabuni ya unga, kwa magadi,
kwa matusi.
Halitoki.

Mombasa nikashuka na basi la usiku, mwezi wa Novemba,
likizo ya siku kumi na moja, ya kwanza ndani ya miaka mitano.
Bi Mwanamvua wa gesti, Mwembe Tayari,
akaniuliza kazi huku akiandika kitabuni.
Nikasema: mizani.
Kalamu ikasimama.
"Mizani tu? Na vina je, waviweza?"
Mizani ya chai, Bibi. Majani mabichi, Mufindi.
Wachumaji hupanga foleni kwenye ukungu,
nami natundika kapu, nasoma, natoa kilo ya maji, naandika.
"Aa," akasema, akanipa chumba kisicho na dirisha.

Hii ndiyo ila yangu: kila kitu nakipima kwa jicho.
Ngoma ya mwanzele, kilo tisa bila mpigaji.
Tarumbeta la beni, mbili na nusu.
Mtoto mabegani mwa baba yake, chini ya Mapembe,
amelala katikati ya makelele yote yale:
kumi na tatu. Usingizi huongeza.
Na trela la saruji lililovikwa maua ya karatasi,
malkia sita na jenereta moja juu yake,
hilo nililiacha. Springi zilikuwa zikilia.

Muuza viazi karai akanivuta mkono:
"Mgeni, shanta geuza mbele,
litafunguliwa kabla hujasema ukwaju."
Nikageuza. Nikacheza hivyo hivyo, kama mja mzito,
nyuma ya watu nisiowajua,
vibaya, na hakuna aliyeandika.

Vuli haikubisha hodi.
Tukajibana kibarazani mwa duka la magodoro:
polisi mmoja, mabinti wa chakacha leso zimewaganda,
mwanamume aliyejichora chui,
chui akimtiririka hadi viatuni.
Na Mbodze, amevaa hando,
rinda juu ya rinda juu ya rinda,
la nyanyake, alisema, na halijapata kulowa.
Akalivua, akabaki na leso. Akalikamua. Halikamuliki.
Akalitazama shanta langu
kama mtu atazamavyo gari lisilo na abiria.
"Waenda wapi?"
Siendi popote.
"Basi twende Mishomoroni."

Nikalipakia, nikalinyanyua.
Kilo kumi na nne, nikasema.
"Maji toa," akajibu. "Mimi nitakudai kavu."

Daraja la Nyali tulilivuka kwa miguu,
magari yamekwama, madereva wamezima taa.
Maji ya hando yalinishuka mgongoni, kiunoni, soksini,
na nyuma yetu ngoma moja haikuwa imepata habari
kwamba shughuli imekwisha.

Kwao akalianika ndani, chini ya balbu.
Marinda yote yakawaka.
Mbodze akagusa, akatazama kidole.
"Nini hiki?"
Nikamwambia kuna mtu aitwaye Rodrigo,
simjui.
"Na chatoka?"
Hakitoki.
Akanyamaza, nikaanza kuhesabu marinda.
Nilifika thelathini na moja ndipo akacheka,
akalisukuma kidogo kwenye kamba
lione linavyokwenda.

Bi Mwanamvua alinifungulia saa saba za usiku.
Akasikiliza yote mlangoni, nikidondosha maji sakafuni mwake,
kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta funguo:
"Mzigo wa mwana ngoma, si uzito ni amana."
Nikahesabu vidoleni. Nane kwa nane.
Nikamwomba mshororo wa pili.
"Umelala," akasema. "Kesho nina chumba chenye dirisha.
Lakini chavuja."