Mshono wa Safina

Sehemu ya tisa ilitoka Ijumaa,
na kufikia Jumatatu, Kariobangi, hakuna kazi inayosonga.
Geti la mchungaji limelala chali kwa bawaba moja.
Okwiri amepandisha miwani ya kuchomelea juu ya paji
na anasema, kwa mara ya nne tangu chai:
"Safina ya kwanza ilikuwa na mshono.
Uliona mahali chuma kilipokutana na chuma.
Mtu aliketi akaiunda kwa gundi na vifuniko vya chupa,
akaungua kidole, pengine. Hii ya sasa haina hata kovu.
Chombo kisicho na kovu hakijaenda popote."

Kerubo anasuka waya wa shaba ndani ya mota ya kisima,
hainui kichwa.
"Wewe unapenda kutu. Mimi napenda hadithi.
Yule mzee aliyezianzisha alichoka sehemu ya nne,
akauza jina, akauza nyota, akauza hata mlio wa mlango.
Binti aliyepokea usukani sehemu ya saba
ndiye wa kwanza kumpa mwanamke wa injini jina.
Filamu sita nzima, mama wa watu anaitwa Fundi!"

"Na ndiye aliyemuua Nahodha," anasema Abdinoor,
ambaye hajamsamehe,
ambaye alikuja kuchukua tangi saa tatu asubuhi
na sasa ni saa nane.

Kelele. Spana inagongwa mezani kama nyundo ya hakimu.
Aliyeumba ana haki ya kubomoa?
Aliyerithi ana haki ya kupaka rangi?
Na sisi tuliolipa shilingi kumi kumi,
tuliokalia kreti za soda hadi makalio yakachorwa miraba,
sisi tuna hisa ngapi?

Abdinoor anatoa silaha yake ya mwisho:
"Nahodha wa kweli, sehemu ya pili, mlango wa hewa ukifungwa,
alisema: Hata angani, mwenye nyumba atakufikia.
Nani leo anaandika hivyo?"

Kimya. Sote tunaujua mstari huo.
Mimi mwenyewe nimewahi kuutumia, mazishini.
Kerubo amesimamisha waya.
"Nimeitazama tena," anasema, "ile yenyewe, na maandishi chini.
Hasemi hivyo. Anasema: Funga. Basi."

Ndipo tukamkumbuka Gathogo.

Banda la mabati, Huruma,
kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
na Gathogo kando ya televisheni akitufasiria mbingu,
sauti zote yeye: nahodha, jini la chuma,
mtoto anayelia sayari isiyo na maji.
Umeme ukikatika, aliendelea gizani.
Kuna vita vya sehemu ya tatu ambavyo hatukuviona kamwe
na ndivyo tunavyovikumbuka vizuri zaidi.

Tulimkuta jioni mlangoni pake, anamenya viazi.
Kiingereza? Alicheka mpaka akakohoa.
"Nilikuwa nashika neno moja katika kumi.
Yale tisa nilijaza kwa yaliyokuwa karibu."

Na mwenye nyumba?

"Siku hiyo alikuwa ameng'oa mlango wangu.
Kodi ya miezi miwili. Akaondoka nao begani,
watoto wangu wakimtazama.
Halafu nafika kazini, na huyu Nahodha wenu
ana mlango unaojifunga wenyewe."

Okwiri, anayetengeneza milango ya watu,
akaangalia viatu vyake.

Tulidhani tumekuja kumaliza ubishi.
Lakini Gathogo akauliza hiyo ya tisa inaishaje,
maana macho yake yameingia ukungu, hajaiona,
nasi tukaanza wote kwa pamoja, kila mtu na mwisho wake,
Abdinoor akimfufua marehemu,
Kerubo akimpiga kiwiko,
mpaka mzee akainua kiazi mbele ya mdomo
akasafisha koo, lile koo,
na ploti nzima ikatulia.

"Mmoja mmoja," akasema.
"Na msinieleze walichosema. Hicho niachieni.
Nani amesimama wapi?"