Palipoungwa

Siku ya sita homa ilipanda,
na mfuko ubavuni mwa Nyamdorj
ukabadili rangi: jana maji ya waridi,
leo mchuzi wa mashaka.

"Panavuja," akasema, kabla ya daktari.
Miaka thelathini chini ya Ulaanbaatar
ameziba mabomba ya joto, baridi ikimng'ata masikio;
anajua kiungo kibovu
hungoja ugeuze mgongo.

Tumbo walilitoa lote, na saratani yake.
Umio wakauunga na utumbo
kwa nyuzi nyembamba kama nywele za kichanga.

Daktari Oyuun hakumpasua tena.
Aliteremsha sifongo kupitia mdomoni,
ikakalia tundu, ikinyonya usaha usiku na mchana.
Chakula kilipita mrijani, tone, tone.
Kila siku ya tatu, sifongo mpya.

"Mimi ningefunga vali, nikate, nichomelee."
"Bomba halioti nyama, mzee. Wewe unaota."

Siku ya ishirini na tisa akanywa dawa ya picha.
Kiooni mstari mweupe ulishuka,
haukuchepuka.

Mkewe akamletea kijiko cha chai ya maziwa na chumvi.
Akaishikilia mdomoni muda mrefu,
kama mtu aliyetega sikio ukutani.