Mpima Ngano

Mabango yake bado yapo bandani,
mia moja na arobaini, bati la buluu,
TOLLEFSRUD kwa herufi nyeupe, na chini yake mwaka
uliopakwa juu ya mwaka, juu ya mwaka.
Kwangua kwa ukucha, unarudi nyuma:
elfu mbili na kumi, elfu mbili na sita, na mbili,
mpaka themanini na mbili, aliposhindwa kwa kura kumi na moja,
akampigia simu mshindi usiku ule ule:
"Hongera. Leta ngano yako kesho, theluji inakuja."

Shangazi yangu Arlys alikuwa mpima mizani
kwenye ghala la ushirika, Hadeland, Dakota Kaskazini,
watu mia tatu na kumi,
makanisa mawili yasiyosalimiana.
Lori likipanda limeshiba, anaandika.
Lori likirudi tupu, anaandika.
"Tofauti," aliniambia, "ndiyo chakula.
Mengine yote ni chuma."

Themanini na sita akashinda kwa kura tisa.
Zikahesabiwa upya, zikawa saba.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nabeba kahawa
katika ukumbi wa kaunti, na nikaiona serikali kwa macho yangu:
bibi mmoja mwenye miwani
analowesha kidole kwa ulimi
na kufunua karatasi.

Seneti ya jimbo hukaa siku themanini, kila mwaka wa pili,
Januari ya Bismarck, baridi ya kupasua mti.
Alipanga chumba cha moteli, akapika viazi kwa sahani moja ya umeme.
Kiti chake, safu ya nyuma.
Hakuwa msemaji. Miaka ishirini na minne, miswada mitatu:
daraja, bima ya madereva wa ambulansi wanaojitolea,
na ukaguzi wa mizani, bila shaka.
Siku moja tu aliwachekesha, walipoletewa bajeti ya barabara:
"Nimezipima namba za mheshimiwa.
Hajatoa lori."
Walicheka. Bajeti ikapita vilevile.

Kisha ukaja muswada wa shule.
Yetu ilikuwa na watoto arobaini na mmoja,
wanne tu darasa la mwisho, na paa linavuja juu ya piano.
Barua zikamiminika. Alizisoma zote jikoni, penseli mkononi.
Mama yangu aliandika yake, akaibandika stempu,
akaipeleka posta,
na nyumba zetu zinatazamana.

Arlys akasema ndiyo. Iunganishwe na ya Portage, maili thelathini.
Jumamosi alikwenda dukani kununua maziwa.
Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana.

Cheo ni dhamana, husema watu. Yeye alikiita zamu:
unaingia, unapima, unamwachia mwenzio kalamu.

Vuli ile nilimpigilia mabango mimi mwenyewe,
ardhi imeanza kuganda, nyundo inarudi mkononi.
Mpinzani wake, Tanner Brekhus, miaka ishirini na tisa,
aliwahi kupimwa akiwa mchanga
ndani ya kreti ya mayai, kwenye mizani ya mbegu,
na aliyesoma namba ni Arlys.
Akamshinda kwa kura elfu moja na mia tisa.

Hapa Hadeland alipata ishirini na mbili.
Yangu haikuwemo.

Kura ni siri, na hii nimeitunza
kupita ndoa yangu, kupita mazishi yake.
Lakini mji mdogo una hesabu nyepesi,
na yeye kazi yake ilikuwa tofauti.

Jumatatu nilipandisha lori la alizeti mizanini.
Alikuwa dirishani, koti lile lile, kalamu sikioni.
Akanitazama kidogo,
kidogo kuliko nilivyostahili, au zaidi, sijui.
"Zima injini," akasema. "Inatikisa sindano."
Nikazima.
Nilipomwaga na kurudi mtupu, akaandika, akatoa, akachana tiketi,
akanipa kwa mkono wa kuume.

Nilipiga hesabu mara mbili njiani.
Hakunipunja hata ratili.