Safu ya Dereva

Daftari langu lina safu za wino wa buluu:
jina la mtoto, kituo, amepanda, ameshuka,
ana homa, kasahau chakula, kalia kwa ajili ya paka.
Kumi na wanne, kutoka Namakwekwe mpaka Nkoma.
Safu ya dereva haimo.

Nilijua, lakini. Wandeba akishamshusha mtoto wa mwisho jioni
hupanda lori la vitunguu, Kapchorwa na kurudi,
maana ada za wanawe watatu
(shule nyingine, si hii tunayoiendea)
hazingoji mwisho wa mwezi.
Saa kumi na nusu alfajiri yuko langoni kwangu,
macho mekundu, shati lanuka shamba,
anatafuna tangawizi mbichi kama mwenye kisasi nayo.

Wiki ile nilihesabu miayo kabla ya watoto.
Jumatatu, kumi na tisa.
Jumanne nikaacha.

Alhamisi akasimama mbele ya lango la kijani,
akapiga honi, akangoja, akapiga tena.
"Khalayi kachelewa leo," akasema.
Akina Khalayi walihamia Soroti muhula uliopita.
Nyuma, watoto kimya,
hata Mudoma, asiyenyamaza hata akitafuna.

Nikanyosha mkono, nikazima injini, nikachomoa ufunguo.
Sikumhubiria. Nilisema tu: Lala.
Akanitazama kama mfungwa aliyesikia jina lake likiitwa mlangoni,
akaegemeza paji kwenye usukani,
na kabla sijapandisha kioo alikuwa ameshakwenda.

Simu ya mwalimu mkuu ililia mara nne.
Mama mmoja juu ya boda akachungulia,
akasema atamwambia mwenye gari.
Nikamjibu amwambie,
na amwambie pia kwamba lori la usiku linalipa kuliko yeye.
Wanale ilikuwa inajivua ukungu taratibu,
maji yakishuka mwambani, membamba kama uzi.
Mudoma akamfunika Wandeba kwa sweta lake;
lilitosha bega moja.

Usingizi hudai deni lake popote utakapokukuta.
Afadhali lilipwe hapa, kando ya ua wa watu,
kuliko pale kwenye kona, darajani Nabuyonga.

Nikaazima rula, nikachora safu mpya.
Gari limezimwa, lakini mstari ulipinda.
Dereva: amelala, dakika arobaini na tano.
Watoto: kumi na wanne, wote wapo.
Sababu ya kuchelewa:
hapo nikaacha wazi,
wajaze wenyewe.