Pistoni ya Dirishani

Njoo, Shemboza, uketi,
kwenye ndoo, hatuna viti,
uzime hiyo sauti,
tuzungumze la gari.

Nimeiona Subaru,
umelipia ushuru,
leo wajiona huru
kuliko ndege wa pori.

Wasema, "Fundi Saumu,
turubo haina hamu,
niongezee sehemu
ya presha, iwe hodari."

Wengi huja banda hili
wakanipita kwa mbali:
"Yuko wapi fundi kweli?"
Baibui si dosari.

Sikatai kuongeza,
ila kwanza nauliza:
ni lini ulichunguza
oili, kama ni nzuri?

Mwenye gari wa Japani
hakuandika pembeni
alichofanya mjini
kwa mguu wa kiburi.

Mwezi wa kwanza ndo huo:
oili, plagi, chujio,
hozi yenye mpasuo
inayovuja kwa siri.

Tia povu la sabuni,
tazama viunganoni:
likichemka, yakini
upepo umesafiri.

Ngamiani, penye kutu,
chumvi ya bahari yetu
hutafuna kila kitu:
chini kagua vizuri.

Silinda nne pamoja,
zipime: zina umoja?
Ikichechemea moja,
turubo ni msumari.

Kulikuwa na Mhina
wa machungwa, mwenye jina,
akaja hapa mchana
na haraka ya tajiri.

Akasema, "Kaza hapo,
presha ipande ilipo,
pesa si tatizo, ipo,
kesho ni mbio za gari."

Nikakaza. Nikakaza.
Sikupima, sikuwaza,
kodi ya banda, Shemboza,
haikuomba shauri.

Mbele ya Mkanyageni,
kwenye njia ya katani,
ikalia "ti" injini,
moshi mweupe, kwaheri.

Tingatinga likavuta
gari, latona mafuta,
hakunitukana hata
neno moja la jeuri.

Pistoni ile ninayo,
dirishani, ndiyo hiyo,
ina tundu penye moyo,
kikalio cha sukari.

Kwa hiyo, mwanangu, shika:
breki kabla ya haraka,
tairi zisizochoka,
ndipo uombe hatari.

Kijiweni huambiwa
bomba likitanuliwa
farasi huongezewa:
kumbe waita askari.

Nunua geji ya presha,
sikio halitatosha;
mlio wake wakosha,
lakini hautabiri.

Na presha huja na joto,
hewa moto ni mtoto
asiyesikia wito;
ipoze, iwe tayari.

Na petroli ya chupani
inauzwa barazani,
usiitie injini
ilozoea hariri.

Ukitoka mbio kali,
usizime. Tafadhali.
Dakika moja, na mbili,
ihesabu, isubiri.

Feni ndani yazunguka,
imewaka, imewaka,
oili ikikauka
wachimba lake kaburi.

Badili kitu kimoja,
uendeshe, kisha ngoja,
uandike kila hoja
ndani ya hili daftari.

Kihiyo wa Chumbageni
huchomeka waya ndani,
akasoma ubongoni
vile gari lafikiri.

Huyo nenda mwisho, mwisho,
si kwa pupa, si kwa tisho;
ukipewa angalisho,
usimwite mwoga, kiri.

Naona wakuna kichwa.
Jua nalo limekuchwa,
ufunguo umeachwa
juu ya pua ya gari.

Nenda nayo polepole
hadi Raskazone kule,
usikilize kelele
zake zote. Zikariri.

Jumatatu uje tena,
pedi mpya, za maana.
Haja ya pistoni sina:
moja yatosha sukari.