Usiku wa Kuhesabiwa, Lamu

Fomu yauliza: nani alilala hapa usiku wa jana?

Mkomani, nyumba ya kwanza: mlinzi.
Ya pili: mlinzi, na picha ya mwenyewe, Mtaliano.
Ya tatu, kufuli. Nikaandika nambari kwa chaki
juu ya mlango wa nakshi, mkono ukaona haya.

Ya nne, Bi Somoe.
Zidaka thelathini na mbili, mtu mmoja.
"Andika saba," asema. "Athmani yuko Jeda,
Rukia na wanawe Kisauni,
Shee yupo Wiyoni, hapo tu."
Walilala hapa, Bi?
"Vitanda vyao vililala."

Jioni, Wiyoni. Mabati yangali moto,
milango sita, choo kimoja.
Huko ndiko kalamu ilikoishiwa wino.
Watoto nikawahesabu kwa ndara;
moja haikuwa na mwenziwe.
Shee akanitajia kumi na mmoja, akasita:
"Na mama."
Nikamwambia nishamwandika.

Usiku nikajumlisha, nikajumlisha tena.
Mji haukuzidi sana, wala haukupungua:
umegeuka ubavu tu, kama mtu usingizini,
na shuka imebaki upande usio na mtu.